Aliyehesabu Vipepeo wa Kambi Muru

Wasikilizaji wapendwa, acheni kazi za mikono kidogo tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Hanan Abdelkarim. Aliuza mapazia ya mitumba Soko la Toi. Aliishi Kambi Muru, Kibera. Na kwa miaka kumi na tisa, kila mvua ya Machi ilipoanza, alihesabu vipepeo. Ndiyo, vipepeo.

Hanan alifariki Jumanne iliyopita kwa ugonjwa wa figo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Aliandika siku, saa, mahali na idadi. "Mama alikuwa anasimama kwa choo ya jirani nusu saa, anaangalia ukuta," anasema bintiye, Sumaya. "Mimi nasikia aibu. Yeye ananiambia, ngoja, yule wa manjano hajafika mwaka huu."

Aprili 2019, rafiki yake Beth Muthoni alimpigia simu. Beth ana nyumba za kupangisha Kawangware. Nyuma ya ploti yake vipepeo walikuwa wamejaa juu ya mabati. Wakubwa, wa kahawia. Hawaondoki. Beth alidhani anampa rafiki yake zawadi.

Hanan alifika saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika. Mabati yalifunika kisima cha zamani, na vipepeo walikuwa wamebanana ukingoni, wakifungua mbawa na kuzifunga, wakifungua na kuzifunga, bila kuruka. Hanan alihesabu. Arobaini na mmoja. Akaandika.

"Beth, ni nani haonekani hapa kwako?"

Beth alicheka. Akasema hakuna, ni Ishmael tu, yule fundi wa rangi, lakini huyo ametoroka bibi yake.

"Hawa hawajafuata maua," Hanan akamwambia. "Wamefuata kitu kimeoza. Ita polisi."

Ishmael alikuwa ndani ya kisima. Siku tisa. Mbao za juu zilikuwa zimeoza, zikavunjika alipozikanyaga, na mabati yakateleza yakamfunika. Siku tisa watu walipita hapo kwenda kuanika nguo. Harufu, walisema, ni ya takataka.

Siku tisa mkewe, Wanza, aliambiwa mumewe amepata mwingine huko mtaa wa Satellite. "Hanan alinirudishia bwana yangu," anasema Wanza. "Amekufa, sawa. Lakini hakuwa ameniacha."

Wasikilizaji wapendwa, mtaa haukumshukuru Hanan. Mtaa ulimwogopa. Akisimama mahali na daftari, watoto waliitwa ndani. Mama mmoja alimrudishia pazia alilokuwa ameshalitundika. Sokoni watu walimuuliza kwa sauti ya chini, "Kwetu umeona nini?" Akiwajibu kwamba hajaona kitu, hawakumwamini.

Sumaya anasema jambo hilo lilimuumiza mama yake. Lakini hakuacha. Wanza alianza kumfuata, na kila Aprili wakazunguka wawili, Kibera mpaka Kawangware, wakihesabu.

Siku mbili kabla ya kufariki, Hanan alimwomba Sumaya aangalie ukuta wa nje. "Nikamwambia hakuna kitu. Akasema, basi andika: hakuna. Alikataa kufunga macho mpaka akaona nimeandika."

Mimi mwenyewe nilinunua mapazia kwa Hanan. Baada ya Aprili ile nilianza kupita upande wa nyuma wa soko, nisimkute. Alinijua kwa jina. Siku moja aliniona nikigeuza njia, akainua mkono kunisalimia. Sikumwomba msamaha, na sasa nimechelewa.

Kwa Sumaya, kwa jamaa wote wa Abdelkarim, kwa Wanza na Beth, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema.

Nawe unayenisikiliza, fikiria mlango ulio karibu na wako. Mwenye mlango huo ulimwona lini mara ya mwisho? Kama hukumbuki, iache redio ikiongea peke yake. Nenda ubishe hodi.