Simioni Wangwe, Mwana wa Bhoke

Ndugu waombolezaji, mimi Nikolaus ni mdogo wake marehemu. Nitayasoma yote, hata yanayoniaibisha.

Simioni Wangwe alizaliwa Nyarero mwaka 1921, mtoto wa kwanza wa mama yetu, Bhoke. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1943 akawa mkalimani wa baraza huko Tarime, akigeuza Kikurya kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kikurya. Mwaka 1945 alifunga ndoa na Agustina.

Tarehe 17 Machi 1955, akisaidia kuezeka kanisa, alianguka kutoka paani akaumia kichwa. Alipopona, Kiswahili chake kilikuwa kama zamani. Kikurya ndicho kilichoharibika: maneno yalikuwapo, lakini sauti haikupanda wala kushuka, kama ya mgeni aliyejifunza juzi. Daktari wa misheni alisema pigo limegusa ubongo pale panapoongoza sauti, na kwamba katika Kikurya sauti ikipanda au kushuka neno hubadilika maana, ila Kiswahili hakidai hivyo. Hatukumwamini. Yeye mwenyewe hajui Kikurya, angejuaje?

Barazani walidai anapotosha ushahidi makusudi, akaachishwa kazi. Wazee walisema ni maringo. Mimi nilisema anaigiza, nikawa namvizia nyuma ya zizi nisikie akijisahau. Hakujisahau hata siku moja. Mama alisema neno zito kuliko sisi sote: "Aliyeanguka ni mwanangu. Aliyeinuka simjui." Miaka mitatu hakupokea salamu yake.

Julai mwaka huu homa ilimlaza. Alhamisi, tarehe 7 Agosti, Mama alipita mlangoni akamsikia akiimba wimbo wa kusagia ulezi. Tangu aanguke hakuwa ameimba. Nani aimbe akichekwa? Sauti ilipanda na kushuka vizuri. Mama akabeua mdomo: "Wimbo hata mwizi hujifunza." Kisha akasimama. Simioni alikuwa ameruka ubeti wa tatu akaweka mguno, kama afanyavyo Mama, aliyeusahau ubeti huo tangu ujana wake. Mguno huo hauimbwi katika mji mwingine wowote ila wetu. Mama akaingia, akakipakata kichwa chake.

Simioni alifariki Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1958. Walipata siku mbili tu, na hilo linaniuma.

Ameacha mjane, Agustina, na watoto wanne. Jana niliandika orodha hii bila Mama, nikiogopa kumuudhi. Akauliza, "Mimi umeniweka wapi?" Nikashika kalamu. "Niweke. Andika: mama yake."

Ameacha mama yake, Bhoke.

Kaka, nisamehe. Pumzika kwa amani. Hakuna anayekuvizia tena.