Ukuta wa Nne wa Évode

Padri, ndugu, majirani wa Nyamirambo, mimi ni Jean-Bosco, shemeji wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma kwa sababu nimeendesha lori hadi Mombasa, wakadhani aliyefika mbali lazima anajua kusoma, basi mtanivumilia.

Évode Nahimana alizaliwa tarehe 3 Mei 1938 huko Gahanga, akasoma shule ya misheni hadi 1951, akajifunza useremala Bujumbura, na mwaka 1961 akafungua karakana yake hapa mtaani. Kilichompa jina ni lambri, zile mbao nyembamba za kupamba ukuta, sebule ngapi za Kacyiru zilinukia maranda na vanishi yake, ila kwake kuta zilikuwa za chokaa, ukiegemea unaondoka na mgongo mweupe, koti langu la Mombasa liliharibikia hapo.

Tarehe 12 Agosti 1967 alimwoa dada yangu Winifred, akamwahidi kuta za mbao, wakajaliwa Joselyne na Eustache, na kuta zenyewe akazianza mwaka 1990, akamaliza tatu. Nikamwambia, "Shemeji, sasa mnaishi ndani ya kabati," akanijibu, "Wewe unayelala chini ya lori, kabati si hoteli?"

Septemba 1991 ini likamlaza. Mbao za ukuta wa nne, libuyu safi kutoka Zaire, mbao ya bei kubwa, zilikuwa darini zinakauka, nasi ndugu tukapatana, kwa kunong'ona, zitumike kumtengenezea jeneza la heshima, kumbe anasikia. "Bosco, unataka kuzika ukuta wa dada yako? Mimi nipeni mkaratusi."

Alituacha Ijumaa, tarehe 14 Februari 1992, asubuhi. Jana wenzake wa karakana walikuja na nyundo kuzipigilia zile mbao ukutani, nami nikawazuia mlangoni, kwetu nyumba yenye msiba haifanyiwi kazi, hata jembe halishikwi, lakini Winifred akasema, "Waache wagonge, nyumba hii imezoea."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa karakana, na nyinyi majirani mliovumilia kelele zile bila kununa. Jeneza, kama mnavyoona, ni la mkaratusi. Tukitoka hapa tutarudi nyumbani kukaa na dada, egemeeni popote, hakuna tena nguo itakayochafuka, isipokuwa hii yangu, maana jana kabla hawajapiga msumari wa kwanza niliuegemea ule ukuta wa chokaa kwa mara ya mwisho, na mgongo sijaufuta.

Lala kwa amani, shemeji, umemaliza kazi.