Samaki wa Fundi

Mbele yangu kwenye basi walikaa wanawake wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa fundi cherehani, vidole vyake vimevimba kwenye viungo. Mwenzake, muuguzi mstaafu, aliuona mfuko wa samaki mapajani mwa fundi akashindwa kunyamaza.

"Dada, samaki wenye mafuta hivyo? Kwa umri wetu mafuta ni sumu."

"Sumu kwa nani? Daktari mwenyewe kaniambia mafuta ya samaki hawa yanausaidia mwili kutuliza uvimbe."

"Akakwambia uache dawa?"

"Dawa nameza kila siku. Nilichokataa ni kuacha kushona."

Muuguzi akaguna. Bila shaka wagonjwa wake waliujua mguno ule. "Samaki hawatakurudishia vidole vya usichana. Watakupunguzia maumivu kidogo tu."

"Basi hicho kidogo ndicho nikitakacho! Mwanangu kaitafutia cherehani yangu mnunuzi bila hata kuniuliza. Nakwenda kwake sasa hivi kumwambia ana kwa ana kwamba haiuzwi."

"Na vidole vikigoma?"

"Nitashona polepole. Wateja watangoja."

Mimi nilikuwa nimeshika gazeti, ukurasa ule ule tangu tulipoondoka.

Basi liliposimama, muuguzi alinyoosha mkono ampokee mfuko. Fundi akaubeba mwenyewe, akashuka ngazi moja moja, kichwa juu.

"Mkaidi yule!" muuguzi aliniambia, huku akijikanda goti. Kisha akashusha sauti. "Hakusema samaki kawanunua wapi, eh?"