Mikebe Mitatu ya Ikonge

Mwaka wa sitini na tisa, nje ya hoteli ya Persis katika soko la Ikonge, palikuwa na benchi ya mkaratusi, na Ijumaa hiyo alasiri ilikuwa imejaa wenyewe, wazee watatu wa kila siku. Chini yake ilikaa mikebe mitatu ya mafuta ya kupikia, kila mmoja ukiwa na maji, viluwiluwi wa mbu, na dawa ya mtu wake. Viluwiluwi waliletwa na Ombati. Shimo lake la udongo wa matofali lilikuwa limejaa maji tangu mvua ndefu, na kwa wiki mbili alikuwa akichota kikombe kimoja kila asubuhi kwa ajili ya majaribio. Bintiye Esnah alikuwa ameshikwa na malaria mara mbili, na mkewe Mong'ina alishamwambia wazi kwamba mtoto akiugua tena, yeye atarudi kwao Nyamarambe. Kwa hiyo Ombati hakuja kupiga porojo. Alitaka kujua dawa ni ipi.

— Wangu wamelala wote, alisema Ondieki, mkulima wa pareto, ambaye hata kanisani aliitwa Pareto. Maua nimesaga mwenyewe. Angalia, hata mkia haitikisiki.

— Hata wangu, alisema Owino, fundi wa baiskeli kutoka upande wa ziwa. Nimechemsha majani ya mkaratusi mpaka mafuta ikaelea. Hiyo mafuta inafunika maji, mdudu anakosa pumzi.

— Bangi mwitu, hii gugu tu ya shambani, imewashinda nyote, alisema Onsongo, Msabato, aliyekunywa maji moto na ndimu wenzake wakinywa kahawa. Harufu peke yake.

Ombati aliinama. Mikebe yote mitatu ilikuwa kimya.

— Sasa nitumie gani, wazee?

— Pareto! Hii maua ikimwagwa hapa, hata mbu wa kule Mosocho watasikia na kuhama.

— Wahamie wapi? Waje kwetu ziwani? Mimi nakataa. Na hawa wenu ni wa baridi, wanakufa na chochote. Mbu wa kwetu angekunywa hiyo pareto na aombe sukari.

— Bangi mwitu haiui tu, alisema Onsongo. Inasahaulisha. Mbu akipona, anafika kwa mlango na hakumbuki alikuja kufanya nini.

— Hiyo umeona wapi, Sabato? aliuliza Owino.

— Nimefikiria.

— Basi turudie, alisema Ondieki. Ombati, kesho leta vikombe viwili.

— Nitaleta, alisema Ombati. Wako wengi.

Alilisema hilo kwa fahari kidogo. Mara akaona kanga anayoijua. Mong'ina alikuwa amesimama mbele yao, Esnah mgongoni, furushi la nguo kichwani.

— Bwairire, Mama Esnah, walimwamkia.

— Bwairire. Ametapika tangu asubuhi. Tumetoka kuchomwa sindano.

Aliitazama mikebe, akaona na kikombe cha mwanawe kando yake, kile alichokitafuta nyumba nzima.

— Baba Esnah, hawa wadudu wamekufa na gani?

— Na zote, alisema Ombati.

— Na kule shimoni mmemwaga gani?

Ondieki alimtazama Owino. Owino alimtazama Onsongo. Onsongo alikunywa maji yake, ingawa kikombe kilikuwa kitupu. Persis alitoka na birika, akaliinamisha, likatoa machicha ya kahawa tu.

— Hakuna, alisema Ombati.

Ondieki ndiye aliyeinuka kwanza.

— Niko na gunia moja kavu. Nilikuwa nimewekea chama cha wakulima wapime Jumatatu. Watapima ingine.

— Mimi niko na sufuria mzima ya mafuta, alisema Owino.

Onsongo aliangalia jua, limebaki kiganja kimoja juu ya kilima.

— Ikizama, mimi Sabato imeniingilia. Tukimbie.

Walikimbia. Walitwanga, wakakoroga, wakamwaga shimoni, na hakuna aliyeuliza ipi inatangulia. Onsongo aliondoka mikono ikinuka bangi mwitu, akafika kwake jua likigusa kilima.

Ombati alingoja kidogo, kisha akachota mkebe mmoja shimoni. Safari hii hakuupeleka sokoni. Nyumbani Mong'ina alikuwa amesimama mlangoni, furushi bado kichwani. Aliinama nalo, akaangalia ndani ya mkebe, akautikisa, akaangalia tena.

Halafu akalitua furushi.