Trauti Aliyekata Uzi

Kwenye kijiwe cha kahawa walikuwepo Bujiku, mfugaji wa Lalago, aliyeitwa Fahali kwa sababu ya shingo yake. Salu wa bodaboda, aliyeitwa Breki kwa kuwa hakuwa nazo. Lukresia, mwenye birika la kahawa. Na Onesphory, afisa uvuvi mstaafu, ambaye Bariadi nzima ilimwita Bwana Samaki. Onesphory alikuwa ameinamia ndoano ndogo kama punje ya mtama, akiizungushia uzi na unyoya wa kanga ili ifanane na mdudu. Kesho alikuwa anapanda basi kwenda Kilimanjaro. Miaka arobaini na mitano yeye na Kasmiri, mwenzake wa kazi, walikuwa wakibishana: yule trauti, samaki wa maji baridi, aliyewakatia uzi kwenye mto wa mlimani alikuwa anakula mdudu gani? Sasa Kasmiri alikuwa amemwita wakaumalize ubishi huko huko mtoni.

— Guku, babu yangu, samaki ale unyoya? Salu alicheka. Uchovye basi kwenye supu ya dagaa!

— Trauti anatazama kwanza, alisema Onesphory.

— Funga na singa za mkia, alisema Bujiku. Nzi wote wanajuana na ng'ombe.

— Huyu si nzi wa zizini, Bujiku. Anakaa ndani ya maji mwaka mzima, anaota mbawa, anaruka siku moja, anakufa.

— Mwaka mzima kwa siku moja? Salu aliguna. Huyo kadhulumiwa.

— Kasmiri anasema alikuwa mdudu mwingine, anayejijengea nyumba ya mchanga, alisema Onesphory.

— Na samaki anameza nyumba na mwenye nyumba? aliuliza Lukresia.

— Anameza.

— Basi tumboni mwake kuna mtaa mzima!

Bujiku alitikisa kichwa.

— Hakuwa na njaa huyo. Fahali akibaki peke yake malishoni hupiga pembe kichuguu. Samaki wenu aliuma kwa upweke.

Onesphory alikaribia kucheka. Akakata uzi kwa meno.

Matilda, mtumishi mgeni wa halmashauri, alikuwa amesimama na kikombe chake akisikiliza.

— Shikamoo, baba. Huyo mwenzako anajua kuwa unafika kesho?

Tangu Jumapili Onesphory alikuwa amempigia Kasmiri mara tatu bila kupokelewa. Akaweka ndoano gotini, akatoa simu, akapiga tena.

Alipokea Anyes, binti wa Kasmiri. Baba yake alikuwa amefariki Jumatatu, saa tisa alasiri.