Fremu ya Chumba Namba Mbili: Tunamuaga Mzee Sijaona

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Sijaona atarudisha ufunguo wa chumba namba mbili cha altrasaundi, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi katika Idara ya Picha. Tumemwandalia risiti ya ufunguo huo yenye sahihi mbili, kwa sababu tunamjua. Bila risiti haondoki.

Jina la kwenye barua ya ajira analo, ila hapa hospitalini hakuna anayelitumia. Hili la Sijaona alipewa na madaktari wa wodi waliochoshwa na ripoti zake. Wengine picha ikiwa safi huandika kwamba mgonjwa hana tatizo. Yeye huandika: "Sijaona. Sisemi hakuna." Chini yake huorodhesha sehemu ambazo hakuweza kuzifikia, pamoja na sababu: gesi tumboni, mgonjwa kagoma kugeuka, mashine imeamka na kiburi.

Aliajiriwa kusafisha filamu za eksirei katika chumba cha giza, na anasema huko ndiko alikojifunza kutoamini kitu ambacho bado hakijakauka. Akaenda chuo, akarudi mpiga picha. Akaenda tena, akarudi mtaalamu wa altrasaundi. Safari hiyo ya pili tulimbadilishia kiti kwa mzaha, tukamwekea kingine kinachofanana na chake hadi mkwaruzo wa mguuni. Alikaa dakika moja, akainuka, akaenda moja kwa moja stoo kukichukua cha kwake.

Mwandishi wa wasifu huu anafanya kazi maabara, kwenye meza ya kuotesha bakteria, na kwa miaka mingi amekuwa akitukanwa na Mzee Sijaona kwa adabu kubwa. Kazi zetu zinashikana. Bakteria wakiota kutoka kwenye damu ya mgonjwa, sisi tunawataja ni akina nani. Lakini dawa peke yake haitoshi kama mahali wanakotokea hapajulikani. Huenda wamejichimbia kwenye vali ya moyo, kwenye ini, kwenye mfupa, na kila siku wanamwaga wenzao kwenye damu. Kupatafuta hapo mahali ndiyo ilikuwa kazi ya Mzee.

Fundi bomba mmoja aliwahi kukaa wodini wiki tatu akichemka kwa homa. Moyo ulikuwa safi, ini safi. Mzee alimwona akipanda kitandani kwa kujiviringisha kama gogo huku amebana pumzi, akakataa kutia sahihi ripoti. Alimsindikiza mwenyewe hadi kwenye mashine ya sitiskani (CT scan), akasimama mlangoni mpaka wampige picha ya kiuno. Jipu lilikuwa limelala pembeni mwa uti wa mgongo, kimya. Siku hizi fundi huyo ndiye anayetengeneza mabomba yetu, na Mzee humsimamia kila akija, maana hamwamini.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliishia hapo, kwa kicheko. Tulimpelekea aisome. Ilirudi kesho yake na maneno ya kalamu nyekundu: "Picha safi mno. Imepigwa upande mmoja. Rudia." Ofisi ya utawala ilikuwa imetuomba upande wa pili tuuache, tusije tukaitia doa sherehe. Mzee akatuma salamu kwamba bila upande huo, sherehe tule wenyewe. Kwa hiyo tunarudia.

Miaka tisa iliyopita, ndani ya wiki sita, damu ya wagonjwa watatu iliotesha bakteria wa aina moja, aina ambayo hatuioni mara kwa mara, inayopenda majimaji. Wa kwanza alikuwa dereva mstaafu wa malori. Wa pili alikuwa mwanafunzi wa chuo. Wa tatu alikuwa mshonaji tunayemwita Mama Cherehani, aliyekuwa akisafishwa damu kwa sababu ya figo. Wodi zao zilikuwa tofauti na maradhi yao yalikuwa tofauti. Mzee aliwatafutia chanzo kama mtu aliyeibiwa. Moyo, ini, bandama, uti wa mgongo: sijaona, sijaona, sijaona. Dereva akafariki dunia, na chanzo bado hakijulikani.

Hapo tukaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Yeye alikuja maabara akanusa maji yetu, akauliza chupa za damu zinashikwa na nani. Sisi tukasema, tena si kwa sauti ya chini, kwamba macho yake yamechoka. Wiki mbili nzima Mzee alikunywa chai aliyokuja nayo kutoka nyumbani, na chupa ya chai aliifungia kabatini.

Siku ya tatu ya kumpima Mama Cherehani, alikuwa akimpaka jeli shingoni, karibu na mrija wake wa kusafishia damu, ili atazame mishipa. Mama huyo, pamoja na homa yake, hakuacha kuzungumza. Alimweleza kwamba doa la mafuta likitokea kwenye nguo ya mteja mmoja, yeye humwuliza mteja amepita wapi. Likitokea kwenye nguo za wateja watatu, haulizi tena mtu, huinama akaikagua cherehani yake mwenyewe.

Mzee akabaki na chupa ya jeli mkononi. Wagonjwa wote watatu walikuwa wamewekewa mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingo, na sindano ya daktari iliongozwa na picha ya altrasaundi. Mashine ilikuwa ya chumba namba mbili, mkono ulikuwa wake, na jeli ilikuwa yake. Jeli hiyo ilitoka kwenye dumu kubwa, ikamiminwa kwenye chupa ndogo ambazo zilijazwa tena na tena bila kuoshwa. Utaratibu huo aliubuni yeye, mwaka ambao jeli ilikuwa adimu. Alipewa cheti cha ubunifu, kikatiwa fremu, kikatundikwa ukutani juu ya mashine.

Angeweza kuzimwaga zile chupa kwenye sinki. Sisi tusingejua hata kidogo. Badala yake alizileta maabara zote nne, pamoja na dumu. Kwenye fomu, sehemu ya jina la mgonjwa aliandika "chupa". Sehemu ya chanzo kinachoshukiwa aliandika jina lake kamili, lile la kwenye barua ya ajira.

Majibu yalichukua siku mbili. Siku hizo hakutania mtu. Kila akipata nafasi alikaa kwenye benchi nje ya mlango wetu, kama ndugu wa mgonjwa. Tunakiri kwamba walipoota bakteria wale wale, sisi wa maabara tulifurahi kwa dakika nzima, kwa kuwa chanzo hakikuwa maji yetu. Kisha tukamwona kupitia kioo cha mlango, tukaona aibu.

Mrija wa Mama Cherehani ulitolewa, dawa ikabadilishwa, homa ikashuka. Mwanafunzi naye alipona. Madumu yakaondolewa, zikaja pakiti ndogo za jeli salama, za kutumika mara moja na kutupwa. Palipokuwa na mapendekezo kwamba ripoti iseme chanzo hakikubainika, Mzee aliandika ya kwake: "Nimeona. Ni jeli ninayoijaza mimi." Halafu akaenda nyumbani kwa marehemu dereva kusema hayo hayo. Mtoto wa marehemu alimfukuza. Mjane akamwita arudi, akamwuliza kama baba watoto aliumia sana. Alijibu nini hajawahi kutuambia. Tunachojua ni kwamba kesho yake alijifungia kwenye kile chumba cha giza cha zamani, ambacho sasa ni stoo, akalia.

Cheti alikitoa kwenye fremu, akaweka karatasi yetu ya majibu. Wageni humpongeza kwa fremu hiyo bila kuisoma. Yeye huwaomba waisome. Mama Cherehani, kila akija kupimwa, huidai pakiti aishike mwenyewe, hukagua tarehe, hukagua mshono, kisha huipasua. Mzee anasema hajawahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo. Dada anayepokea chumba ameshaambiwa amzoee.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, aliomba jambo moja tu: fremu ibaki pale pale akishaondoka, na ifungwe kwa skrubu nne, kwa sababu msumari mmoja hauaminiki. Fundi bomba alikuja na drili, Mzee akamsimamia. Mama Cherehani akaivuta fremu kwa mikono miwili. Haikutikisika. Mzee akaivuta pia.

Shemeji yetu, mke wa Mzee, tunakupa pole mapema kwa ukaguzi wa jikoni. Mzee Sijaona, tunakushukuru kwa wote uliowatafutia, na kwa siku ile uliyojitafuta mwenyewe. Tunakutakia mapumziko mema na afya njema. Maisha yako yajayo tumeyatazama pande zote tulizoweza kuzifikia, na baya hatujaona. Ukitushuku kwa lolote, njoo. Benchi lako bado liko nje ya mlango wetu.