Sungura wa Ubeid

Siku ya nne tangu Ridhiwani muuza kandambili aanguke palepale kijiweni, benchi la Mtaa wa Mkunguni lilikuwa na watu watatu na kelele za watu kumi. Ridhiwani yuko hospitali: mkono wa kulia umekufa, mdomo umekwenda upande, hata jina la bintiye halitoki. Ubeid, ambaye wenzake humwita Sungura, alikishika kikombe chake cha kahawa bila kunywa. Jina hilo lilitokana na kazi. Miaka kumi na moja huko Uarabuni alilisha sungura kwenye maabara ya kujaribia dawa.

— Kilichomwangusha ni feni, alisema Benedict wa duka la vitenge, ambaye kijiweni huitwa Mangi. Imempiga kisogoni mwezi mzima.

— Feni wapi! Sadalla muuza kahawa akadakia. Ni timu yake ile. Mtu unafungwa tatu bila, damu itapanda kichwani saa ngapi? Inabaki moyoni inalia.

— Basi jini la bonde la Jangwani, Mangi akasema. Wakati wa mafuriko alivuka kule pekupeku.

— Muuza kandambili, pekupeku?

— Ndiyo maana jini likakasirika! Mganga hajigangi, bwana.

Wakacheka, kisha wakaona haya. Ubeid akaweka kikombe chini.

— Kile ni kiharusi. Damu imeganda ubongoni. Kule maabara sungura walikuwa wanagandishwa damu makusudi, halafu wanachomwa sindano ya kuiyeyusha. Aliyechomwa mapema, kesho yake namkuta anatafuna karoti. Aliyecheleweshwa, dawa ileile inamvujisha damu kichwani. Hao mimi ndiye niliyekuwa nawazoa.

— Binadamu si sungura, Ubeid, Mangi alisema, lakini kwa upole.

— Najua. Ila mdomo ulipopinda tu, nilijua. Nikasema twende hospitali, mkasema Sungura kaanza. Wewe Mangi ukasema aliyelala usimwamshe. Na mimi nikakaa. Niliogopa kuchekwa, jamani. Mtu mzima na mvi zangu.

Azza, binti wa Ridhiwani, alitokea upande wa sokoni, mkononi kashika chupa ya uji.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu. Mgonjwa?

— Yupo vilevile. Daktari anasema ipo sindano, ila kama angewahishwa. Ami Ubeid, baba alianguka saa ngapi?

— Saa tatu asubuhi.

— Mimi mlinipigia saa tisa.

Sadalla alilitikisa birika, ingawa alijua halina kitu.

— Sasa saa zote hizo, Azza aliuliza, wala hakupaza sauti, mlikuwa mnafanya nini?

Ubeid aliikumbuka asubuhi ile. Walikuwa wanabishana kama ni njaa au malaria, na Ridhiwani kalala katikati yao, jicho moja wazi, anawasikiliza. Hilo mtoto wa mtu unamwambiaje?